Bahari ya Uani kwa Mwalimu Modesta

Nyamazeni, enyi wakazi wa vilima vya Ilemela, ninyi mliojenga mahali ambapo hata mbuzi husita kukanyaga! Zimeni redio, epueni maharage, na aliye kwenye simu aambiwe atapigiwa kesho. Maana leo yanasimuliwa mambo makuu yaliyotendeka katika ua wa hatua kumi kwa saba, baina ya jiko la nje na kamba ya kuanikia nguo, ambako mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu aliinuka akaapa kwamba ataumba bahari, na bahari ikaumbwa, na wapo waliokanyaga humo kwa miguu yao wenyewe ambao hata leo wakiitwa kutoa ushahidi watakuja.

Jina lake Modesta binti Shimba, mzaliwa wa Misungwi, Mshika Chaki kwa miaka thelathini na minne, Mzima Kelele wa Darasa la Saba B, ambaye jicho lake moja tu, likitupwa kutoka dirisha la ofisi ya walimu, lilitosha kumrudisha mtoro aliyekwisha kuvuka michongoma. Wakaguzi wa elimu walikuja na magari yao wakamkagua, wakaondoka wamenywea. Lakini shujaa huyu, katika mwaka wa pili wa kustaafu kwake, alivamiwa na maadui wawili waliokuwa wamekaa naye nyumba moja tangu kuzaliwa, nao ni goti la kulia na goti la kushoto.

Tena nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, na kutoka barabarani mpaka mlangoni palikuwa na ngazi sitini na nne za mawe. Zamani alizipanda akisahihisha madaftari njiani. Sasa alipumzika ngazi ya ishirini, akapumzika tena ya thelathini na tano, na ya hamsini akakaa kabisa, kama gunia la viazi lililoshushwa na mwenyewe asirudi.

Akaenda hospitali. Bwana mmoja wa mazoezi ya viungo, mwenye mikono ya baridi, akayakunja magoti yale, akayakunjua, akayasikiliza yakilia kama bawaba, kisha akatoa hukumu.

“Mama, dawa yako ni maji. Si ya kunywa. Ingia ndani yake mpaka kifuani, utembee nusu saa, mara tatu kwa wiki. Maji yatakubeba, na magoti yatapumua.”

Maji! Kuambiwa hivyo Mwanza ni kama mtu kuambiwa kule Misungwi akatafute mpunga. Ziwa lilikuwa pale, linaonekana kutoka dirisha la chumbani, pana, limetulia, halina hodi. Basi Jumatatu asubuhi Modesta akavaa traksuti ya bluu aliyopewa mwaka alioongoza timu ya shule kwenye michezo ya UMITASHUMTA, akashuka ngazi zote, akafika mwaloni, akaingia majini kwa hatua za kifalme mpaka yakamfika magotini.

Lahaula! Akainua macho. Kulia kwake watu wanaosha pikipiki, kushoto watu wanapakua dagaa, mbele watu wanasukuma mtumbwi. Na jeshi lote lile, kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwalo, lilikuwa ni Darasa la Saba B la miaka mbalimbali.

“Shikamoo, madamu!” zikapaa sauti arobaini.

“Marahaba,” akajibu, maji yakimtambaa kwenye suruali.

“Madamu, umepoteza nini? Tukutafutie!”

Hapo ndipo ulimi wake, yeye aliyewachapa wengi kwa kusema uongo, ulipoteleza. “Pete,” akasema.

Hawakungoja neno la pili. Walivua mashati wakajitosa wote, waosha pikipiki kwa wapakua dagaa, naye akasimama pale, mkono wa kushoto ameuzika ndani ya mfuko wa traksuti, maana pete ilikuwa kidoleni. Walizamia mpaka saa sita. Waliibua nanga moja, gumbuti la mguu wa kulia, na simu mbili zilizokwisha kufa. Na kila walipoibuka walimtazama kwa huruma, wakapuliza maji puani, wakazama tena. Modesta alirudi nyumbani amelowa zaidi kwa jasho la aibu kuliko kwa maji, akaapa kwamba mguu wake hautaukanyaga tena mwalo ule. Mle kuna kichocho, akajiambia njiani. Kichocho ndicho kilichonirudisha.

Jioni ile likakaa baraza la watu wawili. Mumewe alikuwa Privatus, Mhaya wa Kamachumu, mwalimu mstaafu wa jiografia, Mwenye Miwani Miwili, ya kusomea na ya kutafutia ile ya kusomea. Huyu alikuwa hajui kusema akiwa amekaa. Akasimama, akashika kiegemeo cha kiti, akanena.

“Mke wangu, itazame ramani. Mashariki yetu, mawe. Magharibi, mawe. Kaskazini, nyumba ya jirani yetu Gladness juu ya mawe. Kusini, ngazi sitini na nne ambazo zimekushinda. Lakini Kamachumu iko nyumba ya baba yangu, kizingiti chake kiko sawa na ardhi, na migomba inaanzia dirishani. Twende tukazeekee huko.”

Neno hilo lilimchoma Modesta kuliko magoti. Aliipenda Kamachumu kwa siku nne kila Desemba. Lakini kule yeye alikuwa mke wa Privatus, anayemenya ndizi polepole mbele ya mawifi. Hapa alikuwa Madamu, na hakuna kona ya Ilemela ambako angeweza kununua nyanya bila mtu kumwamkia.

“Nitaingia kwenye maji,” akasema. “Ila nitaingia hapahapa kwangu. Nitachimba bwawa la kuogelea.”

Hata friji ilinyamaza. Privatus akavua miwani moja, akavaa nyingine, akamtazama upya.

“Uani?”

“Uani.”

“Basi sikia sharti langu, maana mimi si mkatili. Chimba. Lakini Krismasi isipokukuta ndani ya maji, itatukuta Kamachumu.”

Wakapeana mikono juu ya bakuli la matembele, na mwezi ule ulikuwa Septemba.

Ndipo akaitwa Chenge, Bwana wa Mashimo, aliyechimba vyoo mia moja na arobaini toka Buswelu hadi Usagara na hakuna hata kimoja kilichowahi kubomoka na mtu ndani. Akaja na sululu begani, akaupima ua kwa nyayo zake, akatema mate pembeni kwa heshima.

“Shimo ni shimo, mwalimu. Niambie tu mfuniko utakuwa wa zege au wa bati.”

“Halina mfuniko.”

“Halina?”

“Watu wataingia.”

Chenge akavua kofia. “Wakiwa hai?”

Akaelezwa, tena kwa kuchorewa chini kwa kijiti, mpaka akaelewa. Na alipoelewa akacheka, kisha akaacha kucheka, maana hakuwahi katika maisha yake kuchimba shimo ambalo mtu atalitamani. Kesho yake alfajiri akashuka vitani. Udongo ukaruka, mpapai mmoja ukang'olewa, kamba ya nguo ikahamishiwa dirishani. Na Privatus, ingawa kwa mkataba alikuwa upande wa adui, alishika kamba ya kupimia, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuona mstari uliopinda.

Siku ya nne sululu ikalia *ngaa!* na mikono ya Chenge ikafa ganzi hadi mabegani.

Lilikuwa Jabali. Kadiri walivyolifukua ndivyo lilivyozidi kujifunua, la kijivu, mgongo wa mviringo, limelala katikati ya ua kama kiboko aliyeshiba, na mzizi wake haukuonekana. Wakaliendea kwa mtarimbo, mtarimbo ukapinda. Wakaliendea kwa nyundo kubwa, mpini ukavunjika. Wakaliwashia moto wa kuni na pumba za mpunga kwa siku mbili usiku na mchana, moshi ukaingia nyumba zote za kilima kile na watu wakakohoa mpaka kanisani. Kisha kwa mpigo mmoja wakalimwagia ndoo kumi za maji baridi. Jabali likaguna. Mvuke ukapanda. Na ulipotulia, wakaona limetema kipande kisichozidi kisahani cha chai.

Chenge akakiokota kile kipande, akakigeuza. “Mwalimu,” akasema kwa sauti ya chini, “huyu ndiye mwenye kiwanja. Sisi wapangaji.”

Privatus alikuwa dirishani. Alitazama kalenda ya ukutani, naye Modesta akamwona akiitazama.

Modesta akashuka shimoni kwa makalio, ngazi kwa ngazi, akakaa juu ya Jabali, akanyoosha miguu yake mbele. Jiwe lilikuwa bado na joto la moto wa jana, na joto lile likampanda magotini, likampendeza. Alikaa hapo muda mrefu. Katika miaka thelathini na minne aliwahi kuwafundisha watoto wa namna hiyo, wasiosogea kwa fimbo wala kwa pipi; na hao hakuwafukuza, aliwaacha wakae katikati ya darasa na somo likaendelea kando kando yao.

“Lizungukeni,” akaamuru.

“Mwalimu?”

“Limeshinda hapa lilipo, basi likae. Kwingine kote ni kwetu. Chimba kulia, chimba kushoto, zunguka nyuma. Maji hayajali umbo.”

Wakazunguka. Nondo zikafungwa, zege likamwagwa, plasta ikapigwa mara mbili na dawa ya kuzuia maji juu yake. Kufikia mwisho wa Novemba likasimama, yaani likalala, bwawa la hatua nne kwa tatu, lenye kina cha kifua cha Modesta na umbo la embe lililong'atwa upande mmoja, katikati Jabali limechomoza bega. Kwenye kona, kwa mazoea ya mkono, Chenge alikuwa amesimamisha bomba refu la kutolea harufu.

“La nini hili?” akauliza Modesta.

Chenge akalitazama kana kwamba linamshangaza na yeye. “Nimekuta nimeshaliweka.”

Likaachwa. Taulo lilipata pa kutundikwa.

Sasa ikabaki maji. Katika kilima kile maji ya bomba yalikuja Jumatano na Jumamosi, yakaondoka yalipopenda. Jumatano ya kwanza ya Desemba Modesta akafungua koki, akatumbukiza mpira, akakaa kwenye kigoda kulinda. Yalitiririka mchana kutwa. Jumamosi yalitiririka tena, yakafika magotini, na moyo wake ukaanza kuimba. Ndipo hodi ikapigwa, akaingia Gladness.

Gladness alikaa nyumba ya juu, alikopakana naye kwa mawe. Alipika uji, chapati na supu, na mafundi wote wa kilima kile walimtegemea. Mkononi alishika ndoo. Aliigeuza kichwa chini, akaitingisha. Halikutoka hata tone.

“Shikamoo, mama mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Sikuja kukaa, na sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza.” Akaiweka ndoo chini, akafunga kanga vizuri, na sauti yake ikapanda. “Unga ninao. Mkaa ninao. Wateja wamekuja wamekaa kwenye mabenchi, wamekuta sufuria limefunikwa kifudifudi, wameondoka. Watoto wangu wameenda shule Alhamisi na Ijumaa wamepaka mafuta juu ya vumbi. Nikasema labda bomba limepasuka. Nikafuata bomba. Nimelifuata kwa miguu, mama, kutoka kwangu, jiwe kwa jiwe, sikio chini, na hapa kwako ndipo nimesikia shwaaa. Sasa niambie. Koki yako ikiwa wazi huku chini, mimi kule juu nanywa nini?”

Modesta akatazama bwawa. Hakuwa amelifikiria hilo, naye alikuwa mtu wa kufikiria kila kitu. Siku kumi na nane zilibaki. Akikaza roho Jumatano mbili zijazo na Jumamosi mbili, maji yangefika kiunoni, pengine kifuani, na sharti lingetimia. Na Gladness asingemshtaki popote, angenung'unika tu, akaendelea kumwamkia shikamoo kila siku. Hilo la shikamoo ndilo lililomshinda.

Akainuka, kwa kujikongoja, akaifunga koki kwa mikono miwili. Kule juu ya mawe, baada ya kitambo, ikasikika sauti ya bomba likikohoa.

“Nisamehe,” akasema. “Nilikuwa natazama magoti yangu tu.”

Gladness akabeba ndoo yake, akapanda nayo kwenda kukinga. Na Privatus, aliyeyaona yote kutoka mlangoni, akaingia chumbani. Akateremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi kwa adabu, akaliacha wazi juu ya kitanda. Modesta akaliona. Usiku ule alilala ameligeuzia mgongo.

Lakini haikwisha. Jumatatu asubuhi Gladness akashuka tena, safari hii bila ndoo.

“Mama, nimepiga hesabu ya mabati. La kwako ni dogo. La kwangu ni pana mara mbili, na liko juu. Mvua ikinyesha, maji yangu yote huwa yanaenda kumomonyoa njia bure. Kwa nini yasishuke kwako?”

Basi akaitwa tena Chenge, akakunja bati, akaning'iniza mifereji kwenye paa la juu na paa la chini, akaunganisha mpira juu ya mawe kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Na muungano huo wa mapaa mawili ukakamilika tarehe kumi. Kisha wakakaa kungoja mbingu.

Mbingu hazikuwa na haraka. Tarehe kumi na mbili, jua. Tarehe kumi na tano, mawingu yalikusanyika juu ya ziwa, meusi kama ubao wa darasani, yakaenda kunyesha kwingine. Tarehe kumi na nane Privatus akatia sandukuni mashati matatu. Tarehe kumi na tisa akatia kitabu chake cha ramani, naye Modesta, bila kuambiwa, akakunja kitenge kimoja akakiweka juu yake, akatoka nje haraka.

Tarehe ishirini, saa tisa alasiri, upepo ukavuma kutoka ziwani ukafunga milango yote kwa mkupuo. Na ikashuka! Ilipiga mabati kama mawe yanayomwagwa toka lori. Mifereji ikafurika, mpira ukavimba ukajinyonganyonga juu ya mawe kama chatu, na mdomo wake ukatapika bwawani kwa ngurumo. Modesta alisimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika fremu, akiyatazama maji yakipanda Jabali kidole kwa kidole. Ilinyesha hadi magharibi. Kesho yake ikanyesha tena, kana kwamba ilikumbuka kitu.

Asubuhi ya tarehe ishirini na mbili palikucha kweupe. Bwawa lilikuwa limejaa. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini yalikuwa maji. Modesta akavaa traksuti ya bluu, akatundika taulo kwenye bomba la harufu, akageuka kuingia. Na tazama, katikati ya bahari yake, wametangulia, bata watano wa Gladness walikuwa wanaogelea kwa mpangilio, mkubwa mbele.

“Tokeni!” akanguruma, kwa sauti ile ya kurudisha watoro.

Bata wakatoka mmoja mmoja, kimya, kwa mstari, wakasimama ukutani.

Akaingia. Mguu wa kwanza, baridi ikampanda hadi kwenye meno. Mguu wa pili. Tumbo. Kifua. Na hapo maji yakafanya kama alivyoahidiwa: yakamshika chini ya makwapa, yakamwinua kidogo, yakayachukua magoti yake mikononi kama mtu anayepokea mzigo mlangoni. Akapiga hatua. Hayakulia. Akapiga nyingine. Privatus alikuwa ukingoni na saa mkononi, Gladness amekaa juu ya mawe yake akitazama, na Chenge amekuja makusudi, kofia kifuani, kushuhudia shimo lake likiwa na mtu hai.

“Dakika tano,” akatangaza Privatus. “Dakika kumi.”

Modesta alizunguka Jabali, akatokea upande wa pili, akazunguka tena. Katika mzunguko wa tisa hakutokea.

“Modesta?”

Akaitia saa mfukoni.

“Modesta!”

Mwenye Miwani Miwili hakungoja. Aliingia na viatu vyake, na suruali yenye pasi, na shati la mikono mirefu, akapasua maji kwa mikono kama anayetafuta nguo kabatini gizani, akapita bega la Jabali. Mkewe alikuwa pale, salama, amechuchumaa mpaka maji yakamfika kidevuni. Mbele ya macho yake akasimama wima, bila kushika kitu. Akachuchumaa tena. Akasimama. Na alikuwa anacheka, kwa sauti ndogo, peke yake, kwa namna ambayo Privatus hakuwa ameisikia kwa miaka miwili.

“Hii ya kumi na moja,” akasema. “Sikutaka mnihesabie.”

Privatus alitaka kunena, na kwa mara ya kwanza, akiwa amesimama, hakupata la kunena. Ndipo simu ikaita katika mfuko wa shati lake, nusu kidole juu ya maji. Akaichomoa, akaiinua. Alikuwa mdogo wake, Alexander, kutoka Kamachumu.

“Kaka, shikamoo. Mnafika lini? Nimeshafagia nyumba.”

“Marahaba. Hatuji kuhamia. Tutakuja kusalimia mwakani.”

“Mbona nasikia maji? Uko ziwani?”

“Niko uani kwangu, na maji yananifika kifuani.”

“Mungu wangu! Pole sana, kaka. Mafuriko?”

Privatus akamtazama Modesta, ambaye alikuwa anachuchumaa kwa mara ya kumi na nne.

“Si mafuriko,” akasema. “Ni mke wangu.”

Hiyo ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, wakati unaostahili kukaririwa na vizazi. Na Gladness, aliyeyasikia maneno hayo kutoka juu ya mawe, akapiga vigelegele vitatu virefu kwa utukufu wa Modesta binti Shimba, vikashuka ngazi zote sitini na nne mpaka barabarani, ambako dereva mmoja wa bodaboda alisimamisha pikipiki, akavua helmeti, akauliza ni nani anayeolewa.